Chiriku na Vikombe vya Karanga

Mama mmoja ni fundi cherehani. Meza yake iko karibu na dirisha, na uzi umetapakaa chini. Mtoto wake ana miaka saba. Watu humwita Chiriku, kwa sababu hafungi mdomo. Akivaa viatu anaongea. Akipiga mswaki anaongea. Baba yake husema, "Huyu hata usingizini ana wageni."

Wiki hii Chiriku amenyamaza. Darasani wameanza maneno ya Kiingereza ya kutaja kiasi: nyingi, chache, hakuna kabisa. Mwalimu akimwuliza, yeye anatazama viatu vyake.

Mama akaingiwa na wasiwasi. Na fundi akiwa na wasiwasi hushika pini. Aliandika maneno hayo kwenye vipande vya kitambaa, akavibandika kwenye gauni la mtoto. Kimoja kifuani, kimoja mkononi, kimoja mgongoni.

"Utayasoma kutwa nzima, mpaka yakuingie kichwani."

Jamani! La mgongoni atalisomaje?

Alipotoka nje, watoto walimcheka. Chiriku alirudi ndani mbio, machozi yanamtiririka. "Mama, siendi shule tena. Siendi!"

Mama alisikia uchungu. Mtoto wake wa maneno mengi sasa anayaogopa maneno.

Wakati huohuo jirani aliingia kuchukua sketi yake. Jirani huyu anafundisha watoto wa chekechea.

"Mama Chiriku, mbona mtoto ana pini kama nguo ambayo haijakwisha?"

Mama akaeleza yote. "Nataka ajue tu, dada. Nimekosea wapi?"

"Kumtakia mema si kosa. Lakini mtoto anataka aone, ashike, aonje. Una karanga?"

"Zipo."

"Zilete, na vikombe vitatu. Kwanza mtoe hizo pini."

Walikaa sakafuni. Jirani alijaza kikombe cha kwanza. "A lot," alisema. Kwenye cha pili alitia karanga tatu. "A few." Cha tatu alikigeuza chini juu, akakitikisa. "None!"

Chiriku akacheka kidogo.

"Sasa wewe ni mwenye duka," jirani akamwambia. "Mama ni mteja. Mpe alichotaja, si alichokitaka."

Mama alikuwa na njaa. Akanyoosha mkono. "A few!"

Chiriku akahesabu karanga tatu, akampa.

"Tatu tu? Mimi nataka zile nyingi!"

"Ulisema a few, mteja. Sema vizuri!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, a lot! A lot!" Akapewa kikombe kizima.

Jirani akasema, "Akikosea yeye, usimfokee. Rudieni mchezo. Kesho chezeni kwa maharagwe, keshokutwa kwa ndizi. Dakika kumi zinatosha, kabla hajachoka."

Walicheza kila jioni. Hata baba aliingia dukani, na siku moja akapewa kikombe kitupu kwa kusema "none". Alilalamika sana.

Ijumaa mwalimu wa shule alileta bakuli la maharagwe darasani. Chiriku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Alirudi nyumbani anaongea tangu mlangoni, hata begi hajavua. Mama aliacha cherehani.

"Leo umesema maneno mangapi, mwanangu?"

"A lot, mama! A lot!"

"Na kesho nikubandike pini ngapi?"

Chiriku akachukua kikombe mezani, akakigeuza chini juu, akakitikisa.

"None!"