Kilo Tisa za Tumbo la Kushoto

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi ndani ya tumbo la kushoto la katamarani, mashua ya matumbo mawili. Kisogo kilikuwa kimebonyea, na damu ilikuwa imefuata mteremko wa sakafu mpaka chini ya kitanda.

Inspekta alipiga magoti kando yake akijikaza asitapike. Si kwa sababu ya damu, maana hiyo alikwisha kuizoea. Ni kile chombo, kilichokuwa kikiyumba pale gatini. Inspekta hakuwa mtu wa maji, na kituo kizima kilijua na kumfanyia mzaha.

"Mapigo sita," alisema daktari wa polisi. "La kwanza lilitosha kabisa. Chuma kizito, butu. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi."

"Hicho chuma kiko wapi?"

"Mimi kazi yangu ni maiti, Inspekta. Kutafuta ni kazi yako."

Marehemu alikuwa mhandisi wa madaraja mstaafu, na pale gatini alijulikana kwa jina la Mizani. Yeye na mkewe walikuwa wameuza nyumba ili wahamie majini moja kwa moja. Kwa miaka miwili walikagua vyombo kumi na kimoja, Mizani akigongagonga kila sitaha kwa kinyundo asikilize palipooza. Mwishowe wakachagua hiki, chenye matumbo mawili membamba yaliyobeba sebule katikati, kwa kuwa hakilali upande na mke alikuwa mwepesi wa kichefuchefu. Ilibaki wiki moja waanze safari.

Adui wa katamarani ni uzito, na Mizani aliwahubiria watu habari hiyo mpaka wakamkimbia. Kila kilichopanda chomboni alikipima na kukiandika, kuanzia magodoro na paneli za jua mpaka miswaki.

Ghafla kelele zikalipuka nje.

Inspekta alipanda ngazi mbio. Wafanyakazi wa gati walikuwa wamemwangusha fundi seremala wa chombo kile, wanamkanyaga kifuani na usoni. Mmoja alikuwa ameinua spana ndefu kama mkono. Inspekta akafyatua risasi hewani, na spana ikabaki palepale juu.

"Atakayeishusha, nitamshusha yeye!"

Wakarudi nyuma hatua chache, lakini hakuna aliyeondoka. Fundi alikuwa amefumba jicho moja kwa uvimbe, na alipotema mate, jino lilitoka nayo.

"Damu ya kwenye shati lako ni ya nani?"

"Yake na yangu, afande. Nilikuja kazini saa tano nikamkuta. Nikamwinua, nikidhani bado yuko hai."

"Jana ulisema utampasua kichwa. Gati zima lilikusikia."

"Amenibomolesha jiko mara tatu! Mara mbao nzito, mara bawaba nzito. Wewe usingesema?"

"Ungeishia kusema?"

"Afande, mimi nina mdomo tu. Kuku ananichinjia mke wangu."

Sajini, mwanamama asiyependa maneno mengi, alimvuta Inspekta kando. "Hawa wanaongezeka. Tusipompata mwingine haraka, huyu hatafika kituoni mzima."

Inspekta aliwaangalia wale watu, akaona Sajini hakutia chumvi.

Mke wa marehemu alikuwa amekaa sebuleni, mkono mmoja umeficha mwingine. Alisema alitoka saa tatu kwenda duka la vifaa kununua skrubu, akarudi saa sita na kukuta fundi anapigwa. Alijibu bila kutetereka.

Wabeba machela walipita na maiti na kuishusha gatini. Chombo kikainuka kidogo upande wa kushoto. Macho ya mjane hayakufuata machela. Yalikwenda kwenye pimamaji lililogandishwa katikati ya meza, ambalo tone lake la hewa lilikuwa limesogea. Inspekta aliona. Huzuni ina vituko vyake.

"Mama, daftari la mizigo liko wapi?"

Alilisukuma mezani.

Walikagua chumba kwa chumba, Sajini akisoma na Inspekta akifungua makabati. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mpaka wakafika mbele kabisa.

"Kabati la mbele, tumbo la kushoto," Sajini alisoma. "Nanga ya akiba, kilo tisa."

Nanga haikuwamo. Palikuwa na madumu mawili ya maji, kila moja la lita tano. La kwanza lilijaa. La pili lilijazwa mpaka alama ya nne, si tone zaidi.

Inspekta akakaa sakafuni. "Sajini, lita moja ya maji ina kilo ngapi?"

"Moja."

"Haya, jumlisha."

Sajini alijumlisha, uso ukambadilika. Inspekta akamtuma mzamiaji wa polisi majini aitafute nanga, kisha akamwendea fundi. "Ukitoa kitu kizito humu chomboni, unaacha nini?"

"Pengo, niache nini tena? Wenye kuhangaika na madumu ni wao wawili. Kikitoka kitu, basi maji ya uzito uleule yaingie palepale. Mizani alinifokea mpaka akachoka. Mkewe ndiye aliyeishika hiyo sheria."

Mzamiaji aliibuka na furushi. Ilikuwa nanga, imeviringishwa kwa aproni ya kike. Nywele zilikuwa bado zimenasa kwenye chuma. Akapumua, akasema, "Kuna na sanduku la bati pale chini, afande."

"Lilete."

Inspekta alirudi sebuleni na kuweka madumu mawili mezani.

"Muuaji angeokota nanga, akaua, akaitupa, akakimbia. Huyu alikaa akapima maji, mama."

"Labda marehemu aliyaweka mwenyewe."

"Nanga ina nywele zake. Alipokwisha kufa, madumu angejaza nani?"

Mjane aliyatazama madumu kama mtu anayeona kazi ya mikono yake kwa mara ya kwanza.

"Hata sikumbuki kuyajaza," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Miezi kumi na minane mtu anakupimia mpaka nguo zako za ndani, afande."

"Kwa nini ulimuua?"

"Mwanetu alifariki akiwa na miaka saba. Vitu vyake vilikuwa kwenye sanduku. Viatu vya shule, mashati mawili, madaftari. Kilo kumi na moja. Mwaka mzima mume wangu aliniahidi kwamba litapanda. Leo asubuhi akaleta betri ya ziada, akaipima. Kilo kumi na moja. Akafurahi. Akasema, 'Inalingana kabisa.'"

"Na wewe?"

"Nililing'ang'ania." Akafunua mkono uliofichwa. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba na kugeukia upande. "Alinivunja hiki ili nibanduke. Akalitupa majini. Kisha akainama kufunga betri huku anapiga mluzi. Mluzi, afande! Nikachukua nanga. Kwa pigo la kwanza mluzi ulikatika, ila mimi nilikuwa bado nausikia."

"Na fundi? Uliwatazama wakimpiga."

Hapo ndipo alipolia, na alilia vibaya. "Niliogopa. Mwambieni anisamehe."

Sajini aliwatangazia watu gatini. Mwenye spana aliinama, akamshika fundi kwapani amwinue, na fundi akausukuma mkono wake.

Mjane aliletwa akiwa na pingu. Sanduku la bati lilikuwa pale gatini, likivuja maji kutoka kila pembe. Akasimama mbele yake.

"Huko mnakonipeleka," aliuliza, "mtu anaruhusiwa kilo ngapi?"

Inspekta alifungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, akalipandisha sanduku kwanza, yeye mwenyewe, maji yakimlowesha suruali.

"Ni kielelezo cha mahakamani," alimwambia Sajini, aliyekuwa hajauliza kitu. Kisha akamshika mama mkono, akamkalisha karibu nalo.