Jiwe Lisilo na Jina

Majirani walimwita Bingwa kwa kejeli, na yeye, masikini wa akili, akadhani ni sifa. Alikuwa mchoraji. Siku hizo alikuwa akibandika maneno kwenye picha zake, chochote chenye herufi: vibao vya maduka, makaratasi ya dawa, matangazo ya ukutani. Picha ya mkewe ilibaki na nafasi chini, naye akataka maneno mazito ya kuijaza. Jioni moja, kiza kikianza kuingia, akabeba karatasi na mkaa, akaenda kwa bibi mchonga mawe ya makaburi.

Uani palikuwa na jiwe limegeuziwa uso ukutani. Bibi huchonga HAPA AMELALA mapema, kisha hulificha jiwe uso mpaka mwenyewe apatikane. Bingwa akaligeuza bila hata kuomba.

"Lirudishe, mwanangu," bibi akanong'ona. "Likishasomwa linataka jina. La kwanza kuandikwa chini ya maneno hayo, ndilo linalochukuliwa."

Bingwa akacheka, akamwambia hayo akawatishe wajinga wenzake. Akatandaza karatasi juu ya jiwe, akasugua mkaa. Kwaru, kwaru. Maneno yakajitokeza, meusi, mazuri.

Akaacha kusugua.

Kwaru... kwaru...

"Panya," akasema, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyumbani akaibandika karatasi chini ya sura ya mkewe, akatia saini kubwa yenye mkia wa madaha, kama kawaida yake, akarudi nyuma hatua chache ajisifu. Ndipo ilipomjia harufu ya udongo mbichi. Pale pichani, macho ya mkewe yalikuwa yanafumba... taratibu...

Akakimbilia chumbani. Mkewe alikuwa amelala chali, mikono ya baridi, akiitwa haitiki. Mume mwingine angepiga yowe, angeichana ile picha. Yeye alisimama mlangoni akiwaza: jiwe linataka jina, basi lipewe la huyu. Mke hupatikana mwingine, Bingwa ni mmoja tu. Mwanamume mzima! Aibu naona mimi.

Akarudi, akashika mkaa, akainama kuandika jina la mkewe.

Hapakuwa na nafasi.

Chini ya HAPA AMELALA palikuwa pameshajaa. Saini yake mwenyewe. Na mkia.

Mkewe aliamka na kiu, mzima kabisa. Akaita, "Mume wangu?" Kwenye chumba cha kuchorea alikuta mkaa uliovunjika, vumbi jeupe la mawe, na viatu vya mumewe vimekaa sawasawa mbele ya picha.

Asubuhi akaenda kwa bibi kuuliza. Bibi akamwonyesha jiwe. Saini ilikuwa imechongwa ndani kabisa, madaha yote.

"Mimi sikuligusa," bibi akanong'ona.

Walimzika? Wamzike nani, na mwili haukuonekana? Jiwe limerudishwa ukutani, limegeuziwa uso. Lakini jioni kikiingia kiza, kwaru... kwaru... Na bibi anaapa kwamba ule mkia unazidi kurefuka. Hata huko aliko, bado anajisifu.