Wageni wa Mbodze

Nyumba isiyo na mtu haifagiwi, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Basi Mbodze alipofungua kufuli la ile nyumba ya Kibokoni, iliyofungwa tangu warithi wake walipogombana wakatawanyika, akakuta ukumbi wa mbele umefagiwa na kunyunyizwa maji, vumbi limelala, ilimpasa arudi alikotoka. Hakurudi. Mbodze alikuwa na mapenzi, na mwenye mapenzi haoni.

Mapenzi yenyewe si ya mtu, asifikiriwe vibaya, ingawa juu yake na yule mpimaji ardhi aliyefuatana naye siku ile, Joab, maneno yalikuwako, na palipo moshi hapakosi moto. Mapenzi yalikuwa ya nyumba. Kamati ya mji ilikuwa yatafuta mahali pa jumba la utamaduni: ukumbi wa ngoma na mashairi, maktaba, vyumba vya kufundishia watoto kuchonga na kushona kofia. Wengine walitaka uwanja wa Tononoka, penye nafasi. Wengine walitaka karibu na Ngome ya Yesu, watalii wasipate shida ya kutembea. Mbodze, Mgiriama wa Kaloleni aliyesomea kuchora majumba, alitaka nyumba hii itengenezwe. Kesho yake kamati ilikuwa iamue, na wakubwa walikwisha kumwambia: utakapopataja wewe, ndipo.

"Nabaki nje kwanza nipime upana wa njia," alisema Joab. "Gari la zimamoto lisipopita hapa, nyumba yako imeanguka mtihani."

"Pima, baba. Ukimaliza piga hodi kama mtu aliyelelewa."

"Nyumba tupu nipige hodi? Aitike nani?"

"Niitike mimi. Leo mimi ndiye mwenye nyumba."

Ah! Ulimi hauna mfupa. Akacheka, akaingia, akapanda ngazi.

Sebule ya juu ilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, ukuta mzima, na mabaraza ya mawe kuzunguka pande zote, yamefunikwa vumbi jeupe kama unga. Huku vumbi, kule chini kumefagiwa. Mbodze hakuliwaza hilo. Alikuwa akiwaza taa zitundikwe wapi.

"Hodi," sauti ikatoka chini.

"Karibu!" akaitikia.

Akasikia viatu vikivuliwa mlangoni, kimoja, kisha cha pili, vikiwekwa taratibu. Akatabasamu. Joab, mtu wa bara, leo amejua kuvua viatu!

"Hodi." Sauti hii ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

Joab amekuja na nani tena? "Karibuni, nyumba yenu!" Ndivyo mamake alivyomfunza, na mamake alikuwa akifunza kwa makofi.

"Hodi." "Hodi, wenyewe." "Hodi humu." Naye akawa aitika, karibu, karibuni, piteni, mpaka mdomo ukamkauka. Ngazi zilikuwa zalia kwa miguu ya watu wanaopanda, na hakuna aliyetokeza. Ikapanda harufu ya kahawa ya tangawizi, na chini ya harufu hiyo ipo nyingine, ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Kisha kwenye baraza la kushoto vumbi likabonyea. Likabonyea na pembeni yake, na pembeni tena, pana, kama makalio ya watu wazima wanaojiweka sawa, wakisogeleana, wakipeana nafasi, mpaka pande zote zikajaa.

Mbodze akaiendea ngazi. Hakukimbia. Alipoinua mguu kushuka, mtu alikohoa nyuma yake, kikohozi kile cha adabu cha mgeni anayetaka kutizamwa.

"Mwenyeji yuwaenda wapi, na sisi ndiyo kwanza twafika?"

Mguu wake ukarudi wenyewe. Akajaribu tena, ukarudi tena, na kila aliporudi alijikuta karibu zaidi na katikati ya chumba, mikono ameikunja tumboni kama bibi harusi. Akageukia dirisha la njiani, akamwona Joab pale chini akikunja kamba yake, akamwita kwa sauti yake yote mpaka koo likamwuma, na Joab akainua kichwa, akatizama dirisha lile lile alilosimama yeye, akasema, "Mbodze? Uko wapi wewe?" kisha akatikisa kichwa akaenda zake kunywa kahawa, na huku ndani mtu akacheka polepole, kwa ukarimu, kama anayemcheka mtoto.

Bahati ya Kibokoni ni kwamba nyumba zapumuliana. Dirisha la nyumba ya upande wa pili lilifunguka, akatoa kichwa Mama Muhdhar, mjane anayepunga watu mashetani na kujua nani kaachwa kabla talaka haijaandikwa.

"Wee binti!" alinong'ona. "Umewakaribisha hao?"

"Niliitikia hodi tu, mama," Mbodze alilia. "Nitoe!"

"Ss! Usilie mbele ya wageni. Mwenye nyumba hatoki na wageni wamo ndani, ndiyo maana miguu yakataa. Na ukiwafukuza wataona umewavunjia heshima, wakuketishe nao hapo, usiinuke tena. Wageni wa haja huwatoaje?"

Mbodze alitikisa kichwa.

"Ndiyo maana hujaolewa mjini. Kwa udi, mwanangu, kuanzia mkono wa kulia. Udi na marashi vikishapita, makao yamekwisha, kila mwenye adabu hujua. Na hawa wana adabu kukushinda wewe."

Haukupita muda, chetezo cha udi kikaja dirishani kikining'inia kwenye mti wa kuanikia nguo, moshi wafuka, na mrashi umefungwa pembeni kwa leso. Mbodze akavipokea, akaanzia mkono wa kulia kama alivyoelekezwa, akapitisha chetezo mbele ya baraza tupu, na moshi haukupanda juu kama moshi, uliingia pembeni, ukakusanywa, ukajaa ndani ya kitu kama kanzu na kuivimbisha, ukapita penye ndevu ambazo macho hayakuziona, na alipowarashia, matone ya marashi yaliishia hewani, hakuna hata moja lililofika chini, naye akaenda hivyo kutoka mmoja hadi mwingine, pumzi ameibana, akisikia kila anayemwacha akiinuka nyuma yake, magoti yakialika, akisema, "Twaomba rukhsa," na ngazi zikilia, na vumbi likijaa polepole pale alipokuwa ameketi.

Akabaki wa mwisho. Huyo alisimama karibu na sikio lake, baridi, akinuka kisima.

"Ahsante kwa ukarimu, bibi. Kwa heri."

Na Mbodze, maskini, yale makofi ya mamake yakajibu kabla ya akili.

"Kwa heri, bwana. Karibuni tena."

Nyumba ikanyamaza. Ng'ambo ya pili Mama Muhdhar alijipiga kifua. "Umesemaje? Wawaambia hao karibuni tena?"

"Limenitoka, mama! Watarudi humu?"

"Humu ni mwa nani? Mgeni hafuati kuta, mwanangu. Hufuata mwenyeji." Akafunga dirisha, na komeo akatia.

Kesho yake Samuel, mwenyekiti wa kamati, alidhani hakusikia vizuri. "Tononoka? Wewe? Juzi ulitaka kulia kwa ajili ya ile nyumba."

"Tononoka," alisema Mbodze. "Uwanjani. Pawe wazi."

Hakulala usiku kucha, na hesabu yake ilikuwa hiyo: pasipo mlango hapana hodi. Atasimamia ujenzi pakiwa bado wazi, na kabla milango haijatiwa awe amepata uhamisho wa mbali. Kamati ikakubali, wakapeana mikono.

Wakaenda uwanjani adhuhuri, jua la utosi, watoto wa shule wapiga mpira na kutukanana. Joab alikuwa akipigilia vigingi. Mbodze akasimama katikati ya nyasi, upepo ukamvuta mtandio wa kichwa, akavuta pumzi hadi chini kabisa.

Joab akaacha nyundo. Akaja upesi, akavua kofia yake ya jua, akainamisha kichwa kidogo kuelekea nyuma ya Mbodze, kisha akamvuta mkono.

"Mbona hukuniambia umealika wazee?"

"Wazee gani?"

"Hao nyuma yako, wenye kanzu. Wengi hivyo, na wamevua viatu hata kwenye nyasi." Akashusha sauti. "Wasema wamekuja kwako. Wauliza waketi wapi."