Jibu la Barafu

—Mungu iko mumoja, tena iko batatu. Namna gani? Jibu, Bwembya.

Mzee Kapembwa, katekista wa Nchelenge, kijiji cha kando ya ziwa, aliuliza amekaza macho. Binti yake Chalwe, aliyetaka kuolewa na Bwembya, aliacha kuwamiminia maji ili asikie. Asiyejibu habatizwi, na asiyebatizwa haoi kwa Kapembwa. Pasaka hiyo ya 1956 ikipita hivi hivi, mjomba wa Chalwe atamwoza kwa mwanamume wa upande wa Mofwe ambaye tayari ameleta posa.

Bwembya akatabasamu. Alifanya kazi kwenye boti ya Mgiriki mmoja, iliyoleta barafu ya kuhifadhia samaki kutoka Kasenga, upande wa Kongo, na jibu lake alikuwa amelipika siku nyingi. Alimwita mzee tata, yaani baba.

—Ni kama barafu, tata. Ikiyeyuka inakuwa maji, maji ikichemka inakuwa moshi. Majina tatu, kitu kimoja.

—Siku Yesu alibatizwa, Mwana alikuwa mu maji, Roho alishuka, Baba alisema toka mbinguni. Bote batatu, saa moja. Barafu yako ikisha kuyeyuka, iko wapi?

Mzee akafunga kitabu chake cha mafundisho.

—Jina yako sitaipeleka kwa padri. Utarudia mwaka kesho.

Asubuhi yake Chalwe alimkuta Bwembya ufukweni akipakia samaki botini, tayari kurudi Kasenga. Hasira zilimpanda.

—Unakimbia, Bwembya?

—Kichwa yangu haiweze ile mambo.

—Hata ya tata haiweze yote. Mungu ni mapendo, ndiyo? Mbele ya kuumba mutu hata mumoja, alikuwa anapenda nani?

Bwembya aliweka chini kapu la samaki. Akafikiri mpaka nahodha akaanza kumfokea.

—Hakukuwa peke yake, alisema polepole.

—Basi enda umwambie tata.

Kapembwa alikuwa akishona wavu uani. Bwembya alipiga magoti.

—Tata, jana nilijidanganya. Sielewe yote. Naelewa hii: Baba anapenda Mwana tangu mbele ya dunia, na Roho iko pamoja nabo mu ile mapendo. Ingine nitaabudu tu.

—Nani alikufundisha?

Bwembya angeweza kujisifu. Chalwe alikuwa amesimama mlangoni, akisikia.

—Chalwe ndiye aliniuliza, tata.

Mzee aliacha sindano.

—Mama yake alikuwa anauliza vile vile. Tangu alikufa, niko na huyu mutoto tu. Utamupeleka Kasenga, mimi nibakie na nani?

Kumbe hapo ndipo palipokuwa pakimuuma mzee. Bwembya akainua kichwa.

—Nitajenga hapa kwako, tata, kama desturi ya kwenu. Tutavuta wavu pamoja.

Boti ilipiga honi ufukweni. Bwembya hakugeuka.

—Bon, vizuri, alisema Kapembwa. Kesho tutaenda kwa padri. Mjomba atarudisha ile posa, nitasema naye mwenyewe.

Pasaka Bwembya alibatizwa, na wiki iliyofuata wakafunga ndoa. Mgiriki, ingawa alinuna kupoteza mfanyakazi, alituma pande kubwa la barafu la kupozea vinywaji. Ngoma zikiwa zimekolea, Kapembwa alichungulia beseni la barafu, akacheka mpaka machozi.

—Mukwe, kuja mbio. Jibu yako inayeyuka.