Vidonge vya Rangi ya Asali

Lifti ya jengo la maduka iligoma Jumamosi asubuhi, wakati ambao karibu kila mtu alikuwa na shida ghorofa za juu. Watu walijazana mbele ya mlango wake, wengine na mizigo, wengine na watoto begani, wakimlaumu fundi aliyelala kifudifudi sakafuni, kichwa kimeingia shimoni na miguu iko nje. Alikuwa kijana mrefu, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka magotini. Alipojigeuza kuomba watu wasogee kidogo, miwani ilimteleza puani, ikatumbukia. Wote waliisikia ikigonga chini kabisa.

Fundi akabaki amekaa sakafuni, akipepesa macho kama mtoto aliyeamshwa. Akauliza, bila kumwelekea mtu yeyote, kama yupo mwenye moyo wa kumsomea namba zilizoandikwa ndani ya kisanduku cha swichi, maana yeye sasa anaona ukungu mtupu.

Aliyejitolea ni msichana wa duka la miwani la ghorofa ya chini. Alivaa shati jeupe la kazini, sketi nyeusi, na mtandio wa kijani aliouzungusha shingoni ukapanda mpaka mashavuni, ingawa joto lilikuwa la kutosha. Kwao walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo kando ya pua. Lilikuwa jina la mapenzi mpaka chunusi zilipomvamia shuleni na wenzake wakaligeuza kejeli. Aliambiwa zitaondoka akikua. Alikua, akapata kazi na mshahara wake, nazo zikabaki: vinundu vyekundu vya kuuma vilivyoota juu ya makovu ya vile vilivyotangulia.

Kwa mtu asiyeona aliongea bila wasiwasi. Alimsomea namba, akamshikia tochi, akamwuliza ni fundi gani huyu anayeinamia shimo bila kuifunga miwani yake kwa kamba.

"Nimekuja kuishusha lifti," fundi alisema, "naona miwani imetangulia."

Lifti ilipokubali kwenda, Kidoti alimshika mkono wa ovaroli akamwongoza hadi dukani. Kazi yake ilimtaka asogelee nyuso za watu: kupima mboni, kuweka fremu, kukunja vikono vikae sawa masikioni. Kwa hiyo aliyajua vizuri macho ya wateja, yanavyotua mashavuni mwake kisha yakaruka haraka kama yameungua. Alipomwekea fundi lenzi za majaribio, alisubiri hilo litokee. Halikutokea. Fundi alimtazama kwa raha, kama anayesoma kitu kizuri polepole.

"Kumbe ndiwe," alisema. "Kwa ile sauti nilitegemea mtu mkali."

Tangu hapo simu zikawa hazikauki. Fundi alimwita Daktari wa Macho. Kidoti naye alipokea kwa kumwuliza leo amekwamisha watu ghorofa ya ngapi. Walikula pamoja mchana, wakatembea pamoja jioni, na mtandio wa kijani ukaanza kushuka, kwanza hadi kidevuni, kisha shingoni. Fundi alimwambia mara nyingi kwamba uso ule anaupenda ulivyo, na Kidoti alimwamini. Lakini kupendwa hakukumzuia kuamka na mto umelowa usaha, wala hakukumwondolea maumivu ya kulala ubavu.

Alikuwa ameshapita kwenye sabuni zote, krimu, udongo wa kupaka na vidonge vya kuua vijidudu. Safari hii daktari wa ngozi, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi, alimwambia imebaki dawa moja, nayo ni kali. Itamkausha midomo, macho na pua. Chunusi huenda zikazidi kabla ya kupungua. Atapimwa damu kila mwezi. Akiona moyo umeingiwa na giza, aseme mapema. Na kubwa kuliko yote, asithubutu kushika mimba akiwa anaitumia, wala kabla mwezi haujapita tangu aiache, kwa sababu inamharibu mtoto tumboni. Kidoti aliuliza kama itamzuia kuzaa baadaye. Daktari akasema hapana, hilo asiwe na hofu nalo.

Mengine alijifunza kwenye benchi la kliniki, kwa wagonjwa wenzake. Mwalimu mmoja alimsimulia jinsi damu ilivyomtoka puani mbele ya darasa zima. Mwanafunzi wa chuo alimwonyesha midomo iliyopasuka kama matope ya kiangazi, akamshauri atembee na mafuta ya mgando mfukoni. Dada mwingine, mwenye uso uliotulia kabisa, alisema wiki za mwanzo alitaka kuitupa dawa chooni, na sasa anashukuru hakuitupa. Walicheka pamoja, wakionyeshana mikono iliyokuwa ikibanduka, na Kidoti alirudi nyumbani akijiona yuko kwenye kundi la watu wanaofahamiana.

Vilikuwa vidonge laini, vya rangi nyekundu iliyokolea. Mambo yalikwenda kama alivyoambiwa. Uso ulichafuka kuliko mwanzo. Midomo ilipasuka hata kucheka kukawa kazi, na Fundi alipomtania, Kidoti alimwomba kwa ishara aache. Siku moja mkanda wa kiatu ulimkatikia barabarani, akakaa ukingoni mwa njia akalia, akalia tu. Fundi alichuchumaa mbele yake na kile kiatu mkononi, ameingiwa na hofu asiyoijua.

Siku hiyo hiyo, alipokuwa akimtafutia leso mkobani, aliliona boksi la dawa. Juu yake palichorwa mwanamke mwenye mimba, amepigwa mstari mwekundu. Fundi hakuuliza kitu. Alilirudisha boksi, akamfuta machozi.

Baada ya hapo alijitolea kuwa yeye ndiye atakayekwenda kumchukulia dawa. Duka la dawa liko njiani kwake, alisema, na Kidoti hutoka kazini limeshafungwa. Kidoti alifurahi kupata mtu wa kumbebea japo kipande cha mzigo ule. Mara ya kwanza Fundi alimletea vidonge ndani ya kichupa cheupe, si boksi tena, na rangi yake ilikuwa ya asali. Alieleza kwamba wamebadilisha kiwanda, dawa ni ile ile. Kidoti akameza.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Midomo ikapona, akacheka tena. Kwa mama yake Fundi, walikokula chakula cha mchana kila Jumapili, walimsifu. Dada mkubwa wa Fundi, mwenye duka la vitamini, alisema wifi yake amenawiri. Mama mtu alimmiminia maji mwenyewe, akamsogezea kichupa.

"Meza, mwanangu," alisema. "Usisahau dawa yako."

Kidoti alimeza huku wote wakimtazama kwa upendo, akafikiri moyoni kwamba amepata nyumba.

Kisha vinundu vikarudi, kidevuni kwanza. Daktari alimtazama midomo, akamtazama na kidevu, halafu akamwuliza taratibu kama anaruka dozi. Kidoti akaapa kwamba hajaruka hata moja. Daktari alisema hajapata kumwona mtu aliye kwenye dawa ile akawa na midomo laini namna hii, akamtaka aje na kichupa safari ijayo. Kidoti alitoka ameumia. Alimpigia Fundi simu akamweleza jinsi alivyofanywa mwongo, naye Fundi akambembeleza, akasema madaktari ndivyo walivyo.

Siku chache baadaye, alipokuwa akimkunjia mzee mmoja vikono vya fremu, uso kwa uso, alicheua kidogo. Mzee alitabasamu akasema samaki wa leo alikuwa mtamu, inaonekana. Kidoti akaomba radhi, ameona haya. Lakini hakuwa amekula samaki. Alikuwa amekula mkate na chai, na kidonge chake.

Aliingia stoo akakitoa kimoja, akakipasua kwa meno. Mafuta yakamwagika ulimini. Yalikuwa mafuta ya samaki, yale yale aliyonyweshwa kwa kijiko utotoni huku amebanwa pua.

Alichowaza kwanza ni kwamba duka la dawa limewaibia. Aliomba ruhusa, akatoka mbio, na njiani akampigia Fundi amwambie jinsi walivyotapeliwa wote wawili.

Fundi akamkatiza.

"Usiende huko, mpenzi," Fundi alisema. "Rudi kazini. Nitakwenda mimi."

"Nimeshafika mlangoni."

"Nisikilize kwanza. Usiingie."

Kidoti aliingia. Alikiweka kichupa kaunta na kuongea kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, wateja wakageuka. Mfamasia alimwacha amalize. Kisha akafungua kabati, akatoa boksi lenye ile picha, akaliweka kando ya kichupa. Alisema dawa hii hawajawahi kuitoa ndani ya chupa, na kiwanda hakijabadilika. Maboksi yake yote alikabidhiwa yule bwana mrefu mwenye ovaroli, tena mfamasia mwenyewe humwonya kila mara kuhusu mimba. Hicho kichupa, alisema bila ubaya wowote, huuzwa kwenye maduka ya vitamini.

Kidoti aliomba radhi mbele ya wale wateja, akachukua kichupa chake.

Alimkuta Fundi kwenye jengo la ofisi alikokuwa na kazi siku hiyo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, sanduku la vifaa miguuni, anamsubiri.

"Ni wewe?" Kidoti aliuliza.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kiatu." Alivua miwani akaishika mkononi. "Nilikuona unapotea mbele yangu. Na ile picha ya mimba. Dada akaniambia wanaokunywa dawa ile hawazai tena. Nilikuwa nataka watoto na wewe, Kidoti. Uso wako haujanisumbua hata siku moja."

"Ulikuwa unanisumbua mimi. Ni wangu."

Fundi akainama.

"Picha ile maana yake nisishike mimba nikiwa naimeza," Kidoti alisema. "Nitazaa nikitaka. Nilimwuliza daktari siku ya kwanza. Ungeniuliza, ningekujibu hapo hapo, tena ningefurahi kwamba umeuliza."

"Niliogopa utakasirika."

"Ukaona bora nisijue."

"Nilitaka kukwambia. Lakini Mama akasema mwanamke akishazaa hivi vitu huondoka vyenyewe, tusubiri tu." Akataka kulirudisha, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Kidoti aliiona tena ile meza ya Jumapili, glasi ikijazwa maji, kichupa kikisogezwa, na wale watu watatu wakimtazama anameza. Wote walijua. Nyumba nzima ilikaa na siri iliyokuwa ikiingia kinywani mwake, wakamwambia amenawiri.

Hakupiga kelele. Aliuliza dawa zake ziko wapi. Fundi alifungua sanduku, akaondoa bisibisi na kamba, akatoa yale maboksi, hata moja halijafunguliwa. Kidoti aliyatia mkobani akashuka ngazi, ingawa lifti ya jengo lile ilikuwa nzima.

Simu zikafuata. Wifi alieleza kwamba yale ni mafuta tu, tena mazuri kwa moyo, hayana madhara. Mama mtu aliomba mambo ya vijana yasivunje nyumba ambayo haijajengwa bado. Kila mmoja alimwuliza amedhurika wapi, na kilichomtesa Kidoti ni kwamba hakuwa na kidonda cha kuwaonyesha. Alikuwa na kidevu chake tu. Hakuna aliyeelewa kwamba alikuwa ameapa mbele ya daktari wake na kuonekana mwongo, wala kwamba miezi ile yote alikuwa akimsimulia Fundi jinsi dawa inavyomfanyia, naye akiitikia kwa kichwa.

Daktari aliposikia, alivua glovu akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa kumshuku. Alimpima damu upya, wakaanza upya. Midomo ikapasuka upya. Kidoti alikwenda kuchukua kila boksi kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kwenye benchi na sura mpya za wagonjwa, akawashauri watembee na mafuta ya mgando.

Dawa ilimfanyia kazi. Makovu yalibaki, ila uso ulitulia, na mtandio wa kijani akampa mdogo wake. Ulipopita ule mwezi wa mwisho wa tahadhari, Fundi alikuja dukani mchana, amekonda, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Wakatoka wakasimama nje ya kioo.

"Umependeza," Fundi alisema. "Ulipendeza hata zamani. Sijui niseme vipi ili nisikosee."

"Sema ulilojia."

Akatoa pete mfukoni. Haikuwa kwenye kijisanduku, aliishika tu kwa vidole, kama skrubu. Alisema mama yake yuko tayari kuja kuomba radhi. Watoto wakiwepo, sawa, wasipokuwepo, sawa. Hatamficha tena kitu maisha yake yote. "Nilikosa," alisema. "Lakini nilifanya kwa mapenzi. Hilo unalijua."

"Nalijua," Kidoti alisema, na machozi yakamtoka kwa sababu bado alimpenda. "Ndiyo maana siwezi kurudi. Ungefanya kwa chuki, siku nyingine ningekuona unakuja, nikajikinga."

Fundi akairudisha pete mfukoni. Alimwomba amuage, na Kidoti akamshika mkono, akamwambia aende salama. Alimtazama mpaka ovaroli za wenzake waliomsubiri kwenye gari zikammeza, ndipo akarudi ndani, ambako mteja alikuwa ameanza kujijaribia fremu mwenyewe.

Ni muda sasa. Kidoti ana kicheko chake, na kuna wanaomtazama. Lakini kichwa kikimwuma, na mama yake mzazi akamletea kidonge kwenye karatasi yake na glasi ya maji, hukichukua kwanza akakigeuza kiganjani, akasogea dirishani penye mwanga, akasoma kilichochapwa nyuma yake. Kisha humeza. Mama yake huona kila mara, na hungoja tu na glasi mkononi mpaka amalize kusoma.