Mswaki Uliolowa

"Shoga, huyu Kasuku wako mbona siku hizi anacheka kafunika mdomo?"

Ndivyo jirani, fundi cherehani, alivyomuuliza mama huku mashine yake ikinguruma. Mama, ambaye kazi yake ni ususi, akamtazama binti yake. Kweli, mtoto aliyepewa jina hilo kwa kupayuka alikuwa kimya kama maji ya mtungi. Fizi zilimvimba, zilitoka damu, na jino la mbele lilianza kucheza.

Mama alihangaika. Alibadilisha dawa ya meno, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, wapi! Kila asubuhi aliushika mswaki wa Kasuku na kuukuta umelowa. "Mtoto anapiga mswaki, fizi zinaoza! Ee Mungu, nifanye nini tena?"

Wakaenda kwa daktari wa meno.

"Unasafisha meno kila siku?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

"Jamani daktari, mswaki wenyewe naushika mimi!" mama akadakia.

Daktari akakunja uso. "Basi hii si kawaida. Kwenye damu kuna chembe nyeupe, ndio askari wa mwili. Vijana wachache wana chembe zenye kasoro, wanaumwa fizi hata wakiwa wasafi. Itabidi mwende hospitali kubwa, damu ipimwe. Na jino hili huenda likang'olewa."

Kasuku akaangua kilio. "Msiling'oe! Nilikuwa naulowesha mswaki bombani tu. Nikipiga mswaki damu inatoka, nikaona najiumiza."

"Kumbe!" Daktari alishusha pumzi. "Damu inaletwa na uchafu, si mswaki. Vijidudu vikijazana kwenye fizi, askari wanakuja kupigana. Usipouondoa uchafu, vita haviishi, na askari haohao wanaanza kubomoa fizi na mfupa ulioshika jino."

Akamkwangua meno yote, polepole, mpaka yakawa safi. "Jino litabaki, ukipiga mswaki taratibu asubuhi na usiku, hata ukiona damu. Itakoma. Lakini sikia, mwanangu. Mimi natibu kwa maneno ya mgonjwa. Ukinidanganya, namtibu mtoto mwingine ambaye hayupo hapa, na wewe unabaki na ugonjwa wako."

"Mama, nisamehe," Kasuku alinong'ona.

"Nimemwacha mteja kasukwa upande mmoja," mama alisema. "Nimekuombea mpaka magoti yanauma. Kumbe unalowesha mswaki!"

Akachukua mkoba wake, akatoka.