Wivu wa Baba Pacha na Unga wa Mizizi

Baba Pacha ni mpakiaji mizigo katika ghala la saruji. Ng'ambo ya barabara, mkewe, Mama Pacha, anashona nguo kibarazani. Mchana hula pamoja, wakitaniana. Mambo yalikuwa shwari mpaka alipoajiriwa kijana mmoja, jina la utani Winchi.

Winchi alibeba mifuko kama anabeba mito. Siku moja Mama Pacha aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Jamani, yule kijana ana nguvu!" alisema.

Basi, mambo yakatumbukia nyongo. Neno lile Baba Pacha alilitafuna wiki nzima. Mkewe akicheka, yeye huona anamchekea Winchi. Akivaa gauni jipya, "Unamvalia nani?" Wivu ulimkaba roho.

Akaanza kumchunguza kijana yule kazini. Kila akipumzika, Winchi alikunywa maji ya kahawia kwenye chupa.

"Kumbe!" alijisemea. "Anatumia mizizi huyu!"

Akaenda sokoni kwa muuza dawa.

"Unga huu unapandisha homoni za kiume," muuzaji alimwambia. "Utabeba ghala zima!"

Baba Pacha alikuwa mgonjwa wa presha, mwenye vidonge vya kila siku. Akaviacha, akidhani unga unatosha. Akawa analamba unga kwa siri, kijiko baada ya kijiko. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mwanzoni alijiona simba. Kisha usingizi ukamruka na moyo ukamwenda mbio. Siku moja alimwona mkewe akitazama. Akabeba mifuko miwili kwa pamoja. Hakufika mbali, akaanguka puu!

Winchi alitupa mzigo wake, akambeba mgongoni hadi zahanati, Mama Pacha akiwafuata mbio.

"Nishushe!" Baba Pacha alinong'ona. Loo, kubebwa na Winchi, tena mbele ya mkewe!

Nesi alimpima. Presha ilikuwa juu mno.

"Umetumia nini?"

"Mizizi. Kama anayokunywa huyu."

Winchi akatoa macho. "Mimi? Ile ni chai ya rangi iliyopoa, kaka!"

Mama Pacha alitaka kucheka, machozi yakamtoka.

Nesi alimtibu, kisha akaketi karibu naye.

"Sikiliza, baba. Mizizi haifanani. Ipo ambayo watafiti wameijaribu. Waliotumia, wengine walipata nguvu kidogo, wengine hawakupata kitu. Mingine inaweza kuvuruga homoni au kupandisha presha. Mingine hugombana na dawa za hospitali. Na unga wa sokoni hujui umechanganywa na nini."

"Lakini ni kitu cha asili, nesi."

"Hata sumu ya nyoka ni ya asili! Ukitaka kutumia mizizi, tuulize kwanza. Na vidonge usiviache bila kutuambia."

"Sasa nguvu nitapata wapi?"

"Kula vizuri, lala, pumzika. Presha ikitulia utarudi kazini. Mzigo mzito bebeni wawili."

Mama Pacha akamshika mkono. "Nilisema ana nguvu. Sikusema namtaka. Ungekufa, mchana ningemtania nani?"

Baba Pacha akaubana mkono wa mkewe.

Alirudi kwenye vidonge vyake, na unga akaukabidhi kwa nesi. Presha ilipotulia, alirudi ghalani. Sasa mzigo mzito anaubeba na Winchi, huyu huku, yule kule. Na kila asubuhi Mama Pacha huvuka barabara na chupa ya chai ya rangi.

"Shemeji, na mimi je?" Winchi huuliza.

"We!" Baba Pacha hudaka chupa. "Oa wa kwako!"